Mchezo na Msimulizi Wake

Katika kila mchezo wa mpira wako watu wawili wasiochezea upande wowote, nao ni refarii na msimulizi. Habari za refarii zimeandikwa mara nyingi, na mara nyingi si kwa wema. Lakini huyu wa pili, ambaye kazi yake ni kuwaambia watu wanachokiona na kuwaonyesha wasichokiona, hatajwi sana magazetini. Mimi ni kijana mpenda michezo, nisiyekosa kiwanjani Jumapili alasiri wala katika kibanda cha sinema jioni yoyote nikiwa na shilingi 50 mfukoni, na kwa kutazama kwingi nimesadiki jambo moja: mchezo usio na msimulizi wa lugha ya wenyeji haudumu mioyoni mwa wenyeji, hata wachezaji wake wakiwa hodari namna gani.

Desturi hii ya kusimuliwa ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Wazee hudhani ilianza na redio, na vijana hudhani ilianza na video, lakini kabla ya hizo lilikuwako gari la sinema. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, zilitengenezwa filamu za kuwafundisha Waafrika mambo ya kilimo, afya na kuweka akiba, katika jaribio lililoitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Sauti haikuwamo ndani ya filamu zenyewe, bali katika sahani za santuri, ili filamu ile ile iweze kusemeshwa kwa lugha mbalimbali kila ilikopelekwa. Kisha Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka 1939, Serikali ya Uingereza iliunda Colonial Film Unit, na magari ya sinema ya idara za habari yakazunguka katika makoloni mengi, Kenya ikiwa mojawapo.

Mkuu wa chombo hicho alikuwa William Sellers, ambaye zamani alifanya kazi ya afya huko Nigeria. Bwana huyo alishikilia kwamba Mwafrika wa shamba hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi, na kwa hiyo akataka mambo yafuatane polepole, moja baada ya jingine, na hila zote za kamera ziachwe. Nacheka kila nikilikumbuka jambo hilo, kwa kuwa watu wale wale waliodhaniwa hawawezi kufuata walimpenda mno Charlie Chaplin, wala hakuhitajika mtu wa kuwaeleza kwa nini bwana mwenye kofia aangukapo huchekesha.

Babu yangu, aliyezaliwa mwaka 1941, hulikumbuka gari lile. Lilifika sokoni wakati wa magharibi, kitambaa cheupe kikatundikwa, na injini ya umeme ikaanza kunguruma. Filamu ilihusu kuchimba matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, na Babu hakumbuki hata tuta moja. Anachokumbuka ni mtu aliyesimama kando ya gari na kipaza sauti mkononi. Mtu huyo alikuwa amepewa karatasi ya maneno ya kusema, lakini hakuisoma sana. Ng'ombe akipita katika picha, yeye huwauliza watu ni ng'ombe wa nani huyu anayezurura bila mchungaji. Bwana Shamba wa filamu akivua kofia, yeye husema amemwona mkwewe. Watu walicheka hata wakaegemeana. Nilipomwuliza Babu sinema ile ilikuwa ya nani, alinijibu hivi: "Mjukuu wangu, gari lilikuwa la Serikali, lakini sinema ilikuwa ya yule bwana."

Redio ilipoenea, msimulizi alinyang'anywa picha akabaki na kinywa chake tu, na kazi yake ikawa ngumu mara kumi. Mtangazaji wa mpira katika redio hana budi kumwambia msikilizaji mpira uko upande gani wa kiwanja, uko miguuni mwa nani, nani anakuja kuunyang'anya, zimebaki dakika ngapi, na nani anaongoza, kwa sababu kila dakika kuna mtu aliyefungua redio sasa hivi asiyejua lolote. Hayo yote huyasema huku akikimbizana na mguu wa mchezaji, ambao una mbio kuliko ulimi. Akichelewa kidogo tu, sauti za watazamaji hufika kwa msikilizaji kabla ya maneno yake, na msikilizaji akajua limeingia goli asijue ni la nani. Mtangazaji mbaya hapo hupiga kelele. Mtangazaji mzuri hulitaja jina.

Katika Kenya jina la Leonard Mambo Mbotela linatosha. Alizaliwa mwaka 1940, akajiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1964, na akafariki Februari mwaka 2025. Watu wazima wengi humkumbuka kwa kipindi chake cha adabu, "Je, Huu ni Ungwana?", lakini wapenda mpira humkumbuka kwa maneno matatu: Kadenge na mpira. Joe Kadenge alikuwa mshambuliaji wa Maragoli United, kisha wa Abaluhya, na wa timu ya taifa, na miguu yake ilikuwa na werevu ambao walioushuhudia hawaishi kuueleza. Alifariki Julai mwaka 2019. Wengi wetu tunaolitaja jina lake hatukupata kumwona akicheza hata mara moja. Tunamjua kwa maneno yale matatu.

Natamani wasomaji wayatazame maneno hayo vizuri. Hayana kitenzi. Mtangazaji hakusema Kadenge anaupiga mpira, wala Kadenge anaukokota mpira, ila Kadenge na mpira, kama mtu asemavyo Juma na ndugu yake, na msikilizaji akawaona wawili hao wakienda pamoja njiani bila kuachana. Nusu ya uzuri wa Kadenge kwetu sisi tuliozaliwa nyuma umo katika herufi mbili za neno "na". Hata sasa mtu akishika kazi yote peke yake, au mazungumzo yote, wenzake huambiana kwa utani kwamba huyo ni Kadenge na mpira, na wengine husema hivyo bila kujua kwamba Kadenge alikuwa mtu.

Baba yangu naye ana hadithi yake. Mwaka 1987 Gor Mahia walitoka sare ya 2-2 na Esperance huko Tunis, kisha wakatoka sare ya 1-1 katika uwanja wa Kasarani, wakatwaa Kombe la Washindi la Afrika, ambalo siku zile liliitwa Kombe la Nelson Mandela. Baba hakuwa Kasarani siku ile. Alikuwa nyumbani na redio ya betri. Hata hivyo akikueleza mchezo ule utadhani alikuwa nyuma ya goli, na sheria ya kuwa mabao ya ugenini yana uzito zaidi timu zikilingana aliijua siku hiyo, kwa kuelezwa na mtangazaji, wala hakuhitaji kitabu.

Sasa nije katika sinema, ambayo wazee wengi huiona ni upotevu wa wakati. Katika miji yetu na masoko yetu vipo vibanda vya mabati ambamo filamu za Marekani, za China na za Kihindi huonyeshwa, na juu ya sauti ya filamu husikika sauti ya mtu mwingine kabisa akisimulia kwa Kiswahili cha mitaani. Anayejulikana zaidi kwa kazi hiyo nchini Kenya huitwa DJ Afro. Tanzania ilimjua Lufufu, ambaye sauti yake iliwaelewesha watu wengi filamu za kigeni. Uganda wako wasimulizi wa Kiganda kama VJ Jingo. Na Rwanda filamu za namna hiyo zina jina lake, agasobanuye. Wala sisi si wa kwanza duniani. Huko Japani, katika siku za filamu zisizo na sauti, alikuwako mtu aliyeitwa benshi, aliyesimama kando ya kitambaa akisimulia na kuigiza sauti za wote, na watu wengi walikwenda kumsikiliza yeye kuliko kumtazama mwigizaji.

Msimulizi wa kibandani hatafsiri neno kwa neno. Angefanya hivyo watu wangetoka nje. Hulichukua jambo la nchi ya mbali akalileta nyumbani. Adui wa filamu huwa mtu wa kijiji fulani mwenye deni la duka. Steringi, yaani mwigizaji mkuu asiyekufa, hupewa jina la hapa hapa. Gari likianguka katika daraja la New York, msimulizi huwaambia abiria kwamba nauli hairudishwi. Nimewaona akina mama waliokuja kumtafuta mtoto aliyetoroka kazi wakakaa hadi mwisho wa filamu, na mtoto akapona kipigo kwa sababu mama mwenyewe hakuwa na la kusema.

Lipo lawama moja juu ya wasimulizi hawa ambalo ni la haki. Filamu nyingi za kibandani zimenakiliwa bila ruhusa, na aliyeitengeneza hapati hata senti. Jambo hilo huwaumiza zaidi watengenezaji wa kwetu, ambao hawana hazina kama ya Hollywood. Asiyependa kuona mahindi yake yakivunwa na jirani asipende na hili. Lakini lawama hilo ni la biashara, na mtu asilitumie kuudharau ufundi wa msimulizi. Mwaka 2012 ilitoka filamu ya Kenya iitwayo Nairobi Half Life, iliyoongozwa na David Gitonga, na kijana wake mkuu, Mwas, tunamkuta kwanza kijijini akiuza filamu. Je, huziuzaje? Huwaigizia wanunuzi kwa mikono, macho na sauti, hata watu wakazinunua kwa ajili yake. Nilipoitazama nilimtambua mara moja, kwa kuwa kila soko lina Mwas wake.

Basi tuurudie mpira, kwa sababu hapo ndipo pana jambo linaloniuma.

Jumamosi jioni kibandani hapana nafasi ya kuweka mguu. Watu wamevaa fulana za Arsenal na Manchester United, na mzee asiyejua Manchester iko upande gani wa dunia atakutajia wachezaji kumi na mmoja pamoja na wa akiba. Silaumu. Mpira wa Uingereza huchezwa vizuri, na Victor Wanyama alipoifungia Celtic goli dhidi ya Barcelona mwezi wa Novemba mwaka 2012, kisha akaenda Southampton mwaka uliofuata na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi kuu ya Uingereza, nasi tulipata sehemu yetu. Mwenye kibanda tunachokwenda ana desturi ya kuzima sauti ya televisheni na kuwasha redio, ili tusikie mtangazaji wa Kiswahili. Redio huitangulia televisheni kwa sekunde chache, hivyo tunasikia goli kabla ya kuliona, na katika sekunde hizo wapo wanaoshangilia picha ya mchezaji ambaye bado hajaupiga mpira. Mtu angeweza kuitengeneza kasoro hiyo kwa kununua chombo kingine. Hakuna aliyewahi kuomba itengenezwe, kwa maana watu wameona afadhali goli lije mapema kwa lugha yao kuliko lije kwa wakati wake kwa lugha nyingine.

Wakati huo huo, mwendo wa dakika ishirini kutoka kibandani, timu ya ligi ndogo ya hapa kwetu hucheza mbele ya watu thelathini na mbuzi kadhaa. Hata katika ligi kuu ya nchi, mechi nyingi zimechezwa mbele ya viti vitupu. Watu husema sababu ni uhodafu wa wachezaji wetu, kwamba hawana maarifa. Sisadiki. Mwezi wa Agosti mwaka 2025 Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa wenyeji wa mashindano ya CHAN, ambayo huchezwa na wale tu wanaocheza katika ligi za nchi zao wenyewe. Wachezaji wa Harambee Stars walikuwa basi wale wale wa viti vitupu. Waliwashinda Kongo 1-0, wakawashinda Morocco 1-0, wakawashinda Zambia 1-0, na Kasarani ikafurika hata CAF ikaamuru idadi ya watazamaji ipunguzwe kwa ajili ya msukumano na fujo milangoni. Walitolewa katika robo fainali na Madagascar kwa mikwaju ya penalti. Wiki zile tatu kila mtu sokoni aliyajua majina yao, kwa sababu redio na televisheni ziliyataja asubuhi na jioni. Miguu ilikuwa ile ile ya mwezi wa Julai. Kilichoongezeka ni midomo.

Na kinyume chake pia tulikiona. Kwa miaka kadhaa ligi kuu ya Kenya ilionyeshwa na SuperSport, na mwaka 2017 kampuni hiyo ikajitoa baada ya ugomvi juu ya kuongezwa kwa idadi ya timu. Fedha zilizopotea zilihesabiwa na kila mtu. Sauti iliyopotea haikuhesabiwa na mtu, ingawa kijana wa Homa Bay au wa Meru aliyekuwa akisikia jina la mlinda mlango wa timu ya Nairobi kila wiki sasa alikaa miezi asilisikie.

Lipo tena jambo la kamari, ambalo wasomaji wengi wamelisikia likihubiriwa, na mimi sitahubiri. Nitasema nilichokiona tu. Kijana mwenye mkeka, yaani orodha ya mechi alizozitilia fedha, hamsikilizi msimulizi. Anataka hesabu. Nimemwona mwenzangu, mpenzi wa Arsenal tangu shuleni, akishangilia Arsenal walipofungwa, kwa kuwa mkeka wake ulitaka hivyo, na baadaye akakaa kimya akitazama sakafu. Hakuwa amepoteza fedha siku hiyo. Alikuwa amepata shilingi 900, lakini hakuna aliyethubutu kumpongeza.

Mbio ni habari nyingine, maana saa ndiyo msimulizi. Lakini hata huko wakati mwingine saa haitoshi. Usiku wa tarehe 5 Agosti mwaka 2024, saa nne na kitu kwa saa zetu, tulijaa kibandani kutazama wanawake wakikimbia mita 5,000 katika Michezo ya Olimpiki ya Paris. Beatrice Chebet alishinda, Faith Kipyegon akawa wa pili, nasi tukapiga vigelegele. Punde tukaona jina la Kipyegon limeondolewa katika orodha. Televisheni ilisema kwa Kiingereza cha haraka, na redio haikuwapo, kwa kuwa redio usiku huo ilikuwa ikipiga muziki. Mzee mmoja akanigeukia akaniuliza, "Wewe kijana uliyesoma, mtoto wetu ametenda kosa gani?" Nikamweleza kwamba amedaiwa kumzuia Gudaf Tsegay wa Ethiopia njiani, na kwamba Kenya itakata rufani. Watu wote wakanyamaza wakinisikiliza, na nikajua jinsi koo linavyokauka mtu anapotegemewa na chumba kizima. Baadaye usiku huo rufani ilikubaliwa akarudishiwa fedha yake. Wengi walikuwa wamekwisha kwenda kulala kwa huzuni, nami nikapita katika nyumba mbili tatu nikigonga madirisha.

Huko Nairobi, katika mtaa wa Ziwani, kila mwisho wa mwaka huchezwa mashindano ya Koth Biro, jina la Kijaluo lenye maana ya mvua inakuja. Ni mashindano ya mitaa, ya tangu miaka ya 1970, na kiwanja ni cha vumbi, lakini watu husimama mstari juu ya mstari, kwa kuwa kila mchezaji ni mtoto wa mtu fulani anayejulikana, na kando yako daima yuko mtu wa kukueleza ni mtoto wa nani. Nilipokwenda huko nilipata msimulizi wa bure, bwana mmoja muuza njugu, ambaye aliacha kuuza katika kipindi cha pili.

Nikarudi kwetu na wazo. Fundi wetu wa viatu ana ulimi usiochoka, na kanisa lina kipaza sauti ambacho Jumapili alasiri hakina kazi. Tulikiomba, tukapewa kwa sharti kwamba lisisemwe neno chafu, na tukakiunganisha na betri ya pikipiki. Mchezo wa kwanza walikuja watu kama arobaini. Wa tatu sikuweza kuhesabu. Fundi huwataja wachezaji kwa majina na kwa nyumba zao, na akina mama ambao hawakuwahi kufika kiwanjani sasa huja na viti vyao, kwa sababu wamesikia kutoka shambani majina ya watoto wao yakipita juu ya mahindi. Beki wetu wa kulia amenuna. Anasema ametajwa mara mbili tu katika michezo mitatu, na mara zote mbili alipokosea. Malalamiko yake yamefikishwa.

Jumapili ijayo twacheza na timu ya ng'ambo ya mto, saa tisa na nusu, ibada ikiisha kwa wakati. Fundi ameomba aletewe majina ya wageni kwa karatasi siku mbili kabla, pamoja na majina ya wazazi wao.